Wimbo Usiojua Mpaka: Maisha ya Béla Bartók na Funzo Lake kwa Busia na Malaba

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Methali hii inaisadifu vyema hali ya miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda. Mpita njia mwenye haraka huona msururu wa malori, ofisi za forodha, wabadilishaji wa fedha na vijana wa bodaboda, chombo ambacho jina lake huelezwa kuwa lilitokana na usafiri wa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka papo hapo Busia. Anayetulia na kutega sikio husikia mengine. Husikia Kiteso, ambacho ni lugha ya Kinailoti, kikipokezana na Kisamia na Kibukusu, ambazo ni lugha za Kibantu, huku Kiswahili kikiwa daraja la wote. Husikia pia ala. Wateso wana adeudeu, kinubi ambacho nyuzi zake hupigwa kwa vidole. Waluhya wana litungu na siiriri. Waluo walio upande wa kusini wana orutu ambayo, sawa na siiriri, hupigwa kwa upinde.

Mpaka unaozigawa jamii hizi una umri mdogo kuliko nyimbo zao. Mwaka wa 1902 serikali ya Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki mikononi mwa Uganda na kuutia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari uliotokana na uamuzi huo na mengine yaliyoufuata uliwaacha Wateso na Wasamia pande zote mbili. Tangu hapo, kila anayekusanya fasihi simulizi ya eneo hili hukabiliwa na swali zito. Wimbo wa adeudeu unaoimbwa Malaba na kuimbwa vilevile Tororo ni wimbo wa Kenya au wa Uganda? Na mwanafunzi anayeurekodi auandike katika daftari la nani?

Swali hili si geni duniani. Katika Ulaya ya Kati alikuwako mtu mmoja aliyelibeba maisha yake yote, akashutumiwa kwa ajili yake na watu wa kwao na wa ng'ambo ya mpaka, na akalijibu kwa madaftari ya nyimbo na kwa kazi za muziki, zikiwemo kazi mashuhuri za fidla na piano. Mtu huyo ni Béla Bartók, mtunzi, mpiga piano na mkusanyaji wa nyimbo kutoka Hungaria. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuzingatia swali hilo.

Kuzaliwa na Malezi

Béla Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós, uliokuwa sehemu ya Hungaria ndani ya milki ya Austria na Hungaria. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya kilimo na mpenzi wa muziki. Mama yake, Paula Voit, alikuwa mwalimu. Mtoto alisumbuliwa na maradhi ya ngozi katika miaka yake ya kwanza, akawa mpweke, mtulivu na msikilizaji. Alipofika umri wa miaka mitano mama yake alianza kumfundisha piano.

Baba alifariki mwaka wa 1888, mwana akiwa na umri wa miaka saba. Mama mjane akawa hana budi kufuata kazi ya ualimu kokote ilikopatikana. Familia ilihamia Nagyszőlős, na huko ndiko mvulana huyo alikopiga piano mbele ya hadhara kwa mara ya kwanza mwaka wa 1892. Waliishi pia Nagyvárad na Beszterce, kisha wakatua Pozsony mwaka wa 1894. Yafaa msomaji ayakumbuke majina haya. Wakati huo yote yalikuwa majina ya miji ya Hungaria. Leo mji aliozaliwa, pamoja na Nagyvárad na Beszterce, umo Romania. Nagyszőlős imo Ukraine. Pozsony inaitwa Bratislava, nayo ni mji mkuu wa Slovakia. Hakuna hata mji mmoja wa utoto wake uliobaki ndani ya Hungaria. Yeye hakuvuka mpaka kuiacha miji hiyo. Mipaka ndiyo iliyohama.

Mwaka wa 1899 alijiunga na Chuo cha Muziki cha Budapest, akahitimu mwaka wa 1903. Katika umri huo alikuwa mzalendo wa kupindukia. Alivaa mavazi ya kitaifa na kuudharau utamaduni wa Kijerumani uliotawala miji. Kazi yake kubwa ya kwanza kwa okestra, aliyoitunga mwaka wa 1903, ilimsifu Kossuth, shujaa wa mapinduzi ya Hungaria ya mwaka wa 1848. Hapana aliyeweza kukisia kwamba kijana huyu angekuja kuitwa msaliti wa taifa lake.

Sauti Iliyobadilisha Mkondo

Badiliko lilianza mwaka wa 1904. Bartók alikuwa amekwenda shamba kaskazini mwa nchi ili apate utulivu wa kutunga na kufanya mazoezi. Katika nyumba ya jirani alimsikia mtumishi wa nyumbani, msichana aliyeitwa Lidi Dósa, akiimba. Lidi alikuwa mzaliwa wa Transylvania, na nyimbo zake hazikufanana na chochote ambacho Bartók alifundishwa kukiita muziki wa Hungaria. Alimwomba aimbe tena na tena, naye akaandika.

Ili uzito wa tukio hili ueleweke, ni muhimu kujua kwamba wasomi wa enzi hiyo waliamini kuwa muziki halisi wa Hungaria ni ule uliopigwa na bendi za mijini katika mikahawa. Wakulima walidhaniwa kuwa hawana muziki wenye thamani. Kumbe mijini kulikuwa na tawi tu, na shina lilikuwa vijijini. Mwaka wa 1905 Bartók alikutana na Zoltán Kodály, mtunzi mwenzake aliyekuwa tayari ameanza kuzichunguza nyimbo za vijijini kitaaluma. Urafiki wao ulidumu hadi kifo. Mwaka wa 1906 walichapisha pamoja mkusanyo mdogo wa nyimbo 20, na mwaka huohuo Bartók akaanza safari za vijijini akiwa na fonografu. Mwaka wa 1907 aliteuliwa kuwa mwalimu wa piano katika chuo alichosomea. Kazi hiyo ilimpa riziki, na likizo zake zikampa nafasi ya kusafiri.

Hapo ndipo uzalendo wake ulipokutana na mtihani wake wa kwanza. Vijijini, Wahungaria hawakuishi peke yao. Kijiji cha pili kilikuwa cha Waslovakia, cha tatu cha Waromania. Bartók alianza kukusanya nyimbo za Kislovakia mwaka wa 1906, na miaka michache baadaye akaingia katika vijiji vya Waromania, ambako mwalimu wa Kiromania, Ion Bușiția, alimsaidia sana. Alijifunza Kislovakia na Kiromania ili aweze kuzungumza na waimbaji na kuyaandika maneno yao barabara. Alitafuta nyimbo za watu wake, akagundua kuwa haiwezekani kuzielewa bila kuzijua za jirani.

Kwa mwanafunzi wa isimu, jambo hili lina mvuto wa pekee. Kihungaria hakina udugu na Kiromania, kilichotokana na Kilatini, wala na Kislovakia, ambacho ni lugha ya Kislavoni. Ni kama vile Kiteso kisivyo na udugu na Kisamia. Hata hivyo, lahani zilihama kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujali nasaba za lugha hizo. Familia za lugha ni kitu kimoja, na ujirani wa nyimbo ni kitu kingine.

Namna ya Kukusanya

Fonografu ya wakati huo ilirekodi sauti kwenye silinda ya nta kwa dakika chache tu, na nta yenyewe ilichakaa upesi. Bartók aliibeba mashine hiyo kwa mikokoteni hadi vijiji visivyo na barabara nzuri. Waimbaji wengi walikuwa wanawake wazee walioona haya kuimba mbele ya bwana wa mjini, na baadhi walihofu kwamba nyimbo zao zingetozwa kodi au kuchekwa. Ilimbidi awe na subira.

Kila alipomrekodi mtu, aliandika jina lake, umri wake, kijiji chake na tarehe. Maneno aliyaandika kwa lafudhi ya mwimbaji, bila kuyasafisha yafanane na lugha sanifu. Kisha, nyumbani, alizisikiliza silinda mara nyingi na kunukuu kila mtetemo wa sauti kwa nota. Nukuu zake za miaka ya baadaye zina utondoti mwingi mno, kiasi kwamba baadhi ya wasomaji hushindwa kuziimba. Alishikilia kuwa mkusanyaji hana ruhusa ya kunyoosha kile ambacho mwimbaji amekipinda.

Baada ya kunukuu alifika kazi ya uainishaji. Alizipanga nyimbo kwa kuzingatia idadi ya silabi katika kila mstari, sauti ya kituo cha mstari na umbo zima la ubeti. Msomi wa ushairi wa Kiswahili, aliyezoea kuhesabu mizani na kuangalia vina na vituo, ataona hapa jambo analolifahamu. Kwa njia hiyo Bartók aliweza kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka wa 1924 kuhusu wimbo wa wakulima wa Hungaria, ni nyimbo zipi za mtindo wa kale, zipi za mtindo mpya, na zipi zilizopokea athari za majirani. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa amekusanya maelfu ya nyimbo, na zile za Kiromania pekee zilizidi 3,000.

Safari ya Afrika

Aghalabu wanaosimulia maisha ya Bartók husahau kuwa aliwahi kufanya utafiti barani Afrika. Mwezi Juni 1913 alisafiri pamoja na mkewe wa kwanza, Márta Ziegler, hadi Biskra nchini Algeria, ukingoni mwa jangwa la Sahara. Alijifunza Kiarabu kidogo, akabeba fonografu yake na kurekodi nyimbo na ngoma za Waarabu wa maeneo hayo. Alikusudia kurudi, lakini Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilivyoanza mwaka wa 1914 vikaifunga njia. Matokeo ya utafiti huo aliyachapisha mwaka wa 1917. Midundo ya Biskra ilizama katika kazi zake za miaka hiyo, zikiwemo swiiti ya piano ya mwaka wa 1916 na kwateti yake ya pili ya nyuzi.

Mwaka wa 1932 alialikwa Cairo kwenye kongamano kubwa la muziki wa Kiarabu. Misri ndiyo iliyokuwa kitovu cha muziki ambao Zanzibar iliupokea na kuukuza kuwa taarab, ikiwa na fidla zake. Hivyo basi, fidla ambayo Mswahili anaifahamu na fidla aliyoiandikia Bartók ni ala moja iliyosafiri katika njia mbili.

Mpaka Unapopita Juu ya Nyimbo

Vita vilipokwisha, Hungaria ilikuwa upande ulioshindwa. Mkataba wa Trianon wa mwaka wa 1920 uliinyang'anya takriban thuluthi mbili za ardhi yake. Transylvania ikaenda Romania, na maeneo ya kaskazini yakaenda Chekoslovakia. Vijiji vingi alikokuwa akikusanya nyimbo vikawa nchi za kigeni ghafla. Safari zake kuu za ukusanyaji nchini mwake zilikuwa zimefika tamati.

Mwaka huohuo makala yake kuhusu muziki wa Waromania wa eneo la Hunedoara, ambayo aliwahi kuyachapisha kabla ya vita bila kelele yoyote, yalitolewa tena kwa Kijerumani. Magazeti ya Budapest yaliwaka moto. Hata mkuu wa chuo alichofundisha, mpiga fidla Jenő Hubay, alijitokeza kumshutumu. Kosa lake lilikuwa kusema kwamba Waromania wa mahali hapo walikuwa na muziki wao wa kale uliostahili kuchunguzwa, wakati ambapo taifa lilikuwa likililia ardhi iliyochukuliwa na Romania. Bartók alijibu hadharani kwamba utafiti wake haukuwa na shabaha ya kisiasa. Hakufuta neno.

Miaka ya 1930 ikaleta shutuma kutoka upande wa pili. Msomi mmoja wa Romania, Coriolan Petranu, alimlaumu kwa kudai kuwa baadhi ya nyimbo za Kiromania zilikuwa zimepokea athari za Kihungaria. Bartók akajibu tena, safari hii kwa hoja na takwimu. Kwa Wahungaria alikuwa amewapa Waromania mno, na kwa Waromania alikuwa amewapa Wahungaria mno. Yeye alikuwa ameripoti alichokisikia. Anayekusanya nyimbo mpakani na ajiandae kwa lawama za namna hii, maana fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Fidla na Piano

Katika miaka hiyo ya dhiki Bartók alitunga kazi zake kuu za fidla na piano. Sonata mbili za mwaka wa 1921 na 1922 aliziandikia mpiga fidla wa Kihungaria aliyeishi London, Jelly d'Arányi, na wawili hao wakazipiga pamoja jijini humo mwaka wa 1922 na 1923. Ni kazi ngumu kwa mpigaji na kwa msikilizaji. Fidla na piano hazigawani lahani moja kama ilivyokuwa desturi. Kila moja ina mambo yake, kama wazee wawili wanaosimulia kisa kimoja kila mtu kwa mtazamo wake. Hamna ndani yake lahani iliyonukuliwa kutoka kijijini, lakini roho ya kijijini imo. Ni mfano wa mshairi ambaye hanukuu methali, bali hutunga usemi wake mwenyewe ambao mzee yeyote angeudhania kuwa ni wa kale.

Mwaka wa 1928 alichukua njia nyingine. Alitunga Rapsodia mbili za fidla na piano, ya kwanza kwa ajili ya József Szigeti na ya pili kwa ajili ya Zoltán Székely, wapiga fidla wawili mashuhuri wa Hungaria. Humu alirejea kwenye silinda zake za nta na kuchukua lahani za wapiga fidla wa vijijini jinsi zilivyokuwa. Rapsodia ya Kwanza, ambayo huchukua takriban dakika 10, ina sehemu mbili. Ya kwanza huitwa Lassú, yaani polepole. Hutembea kwa hatua nzito za kujigamba. Ya pili huitwa Friss, yaani ya kasi, na ndani yake ngoma hufuatana moja baada ya nyingine, kila moja ikizidi kuchangamka. Mpangilio huu wa polepole kisha kasi ni wa kitaifa kabisa. Ulitokana na ngoma iliyotumiwa zamani kuwavutia vijana wa Hungaria wajiunge na jeshi.

Hapa ndipo ujasiri wa Bartók unapoonekana. Ndani ya umbo hilo la Kihungaria, lahani nyingi ni za Kiromania. Katikati ya Lassú kuna moja ya Kihungaria kutoka Transylvania, iliyopigwa kwa huzuni. Miaka minane baada ya Trianon, wakati ambapo shule na magazeti ya Hungaria yalikuwa yakiwafundisha watu kuichukia Romania, mtunzi mkuu wa nchi aliziketisha lahani za pande mbili mkeka mmoja. Msikilizaji asiyeambiwa hawezi kuonyesha mpaka umepita wapi. Piano nayo haikuwekwa iwe mtumwa wa fidla. Mara huvuma kama ala za kijijini, mara huipinga fidla kwa sauti zinazogongana nayo. Bartók alitayarisha miishio miwili, mmoja ukiyarudia maneno ya mwanzo ya Lassú na mwingine ukimalizia kwa kasi. Aliiandika pia kazi hiyo upya kwa ajili ya selo na piano, na kwa fidla na okestra.

Kuhama na Kufariki

Mwaka wa 1934 Bartók aliacha kufundisha piano chuoni na kuhamia Chuo cha Sayansi cha Hungaria, ambako alipewa jukumu la kuziandaa nyimbo kwa uchapishaji. Mwaka wa 1936 alikwenda Uturuki kukusanya nyimbo, akisaidiwa na mtunzi Ahmed Adnan Saygun. Lakini Ulaya ilikuwa ikitiwa giza na Unazi. Mwaka wa 1938, wakati wachapishaji wake wa Vienna walipotaka watunzi wajaze fomu ya kuthibitisha nasaba yao, alikataa na kutafuta mchapishaji mwingine huko London. Hakuwa Myahudi, na angeweza kuijaza bila hatari yoyote. Alikataa kwa sababu aliliona swali lenyewe kuwa ni haramu.

Kilichomzuia kuondoka ni mama yake mkongwe. Mama alifariki Desemba 1939. Mwezi Aprili 1940 Bartók alikuwa ziarani Marekani, na tarehe 13 yeye na Szigeti walipiga muziki katika Maktaba ya Bunge jijini Washington. Rapsodia ya Kwanza ilikuwamo, na rekodi ya siku hiyo imehifadhiwa hadi leo. Mwezi Oktoba mwaka huo alihama moja kwa moja na mkewe wa pili, Ditta Pásztory. Kabla ya kuondoka aliandika wosia akikataza barabara yoyote ya Hungaria kupewa jina lake maadamu barabara au uwanja wowote nchini humo una majina ya Hitler na Mussolini.

Jijini New York, Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa kazi ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi wanapaswa kuijua. Alinukuu nyimbo za wanawake kutoka katika rekodi ambazo Milman Parry alizifanya Yugoslavia katika miaka ya 1930. Rekodi hizohizo ndizo zilizozaa nadharia ya Parry na Albert Lord kuhusu utungaji papo kwa papo, nadharia inayofundishwa katika vyuo vya Afrika Mashariki. Kitabu cha nyimbo hizo, chenye majina ya Bartók na Lord, kilitoka mwaka wa 1951.

Mwaka wa 1942, vita vikiwa vimepamba moto, alichapisha makala kuhusu dhana ya usafi wa rangi katika muziki. Hoja yake ilikuwa kwamba muziki wa watu haustawi kwa kutengwa. Hustawi kwa kupeana, kwa maana lahani inapovuka kwenda kwa jirani hubadilika, na ikirudi huwa imetajirika. Haya aliyaandika akiwa mkimbizi, maskini na mgonjwa. Chama cha watunzi cha Marekani kilimlipia matibabu ingawa hakuwa mwanachama. Mwaka wa 1943 Szigeti na kiongozi wa okestra Fritz Reiner walimfanyia mpango, kwa siri kwa kuwa hakupenda kupewa sadaka, aombwe kutunga kazi kwa ajili ya okestra ya Boston. Kazi hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza Desemba 1944 na kushangiliwa mno. Saratani ya damu haikumpa muda wa kulifaidi tunda hilo. Alifariki tarehe 26 Septemba 1945 akiwa na umri wa miaka 64, akiacha mikwaju michache ya mwisho ya konsato yake ya tatu ya piano bila kuikamilisha kwa okestra. Mwaka wa 1988 mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa Budapest. Mkusanyo wake mkubwa wa nyimbo za Kiromania ulianza kuchapishwa mwaka wa 1967 na kufikia juzuu tano, zaidi ya miongo miwili baada ya kifo chake.

Hitimisho

Maisha ya Bartók yanawaachia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili dhima iliyo wazi. Mwaka wa 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Bidhaa na watu wamerahisishiwa njia. Nyimbo bado hukaguliwa kwa namna yake. Zinapoingia katika tasnifu na silabasi hutenganishwa, hizi za Kenya na zile za Uganda, kana kwamba mpiga adeudeu aliuliza alipo ofisa wa forodha kabla ya kukaza nyuzi zake.

Mwanafunzi wa leo ana simu inayorekodi kwa saa nyingi, jambo ambalo Bartók hangeweza kuliota. Alichokuwa nacho Bartók, na ambacho simu haiwezi kukitoa, ni nidhamu. Ni nidhamu ya kujifunza lugha ya mwimbaji kabla ya kumtia kwenye daftari, ya kuliandika jina lake, umri wake na kijiji chake, na ya kuyaacha maneno yake ya Kiteso au ya Kisamia yabaki yalivyo huku Kiswahili kikifanya kazi ya kuyafafanua. Juu ya yote, ni nidhamu ya kuvuka. Aliyerekodi Malaba bila kufika Tororo amerekodi nusu, na aliyerekodi kwa Wasamia bila kuwasikiliza Wateso hajui ni kipi Wasamia walichokipokea na ni kipi walichokitoa.

Wapigaji wa ala hizi wanazeeka, na mzee akifa huenda na ambacho hakikuulizwa. Bartók aliwahi silinda zake kabla ya mpaka kuhama na kabla ya waimbaji wake kwisha. Mpaka wa Busia na Malaba umetulia, na wazee baadhi wangalipo. Miti ipo. Kilichobaki ni wajenzi.